Namba ilisema paka anaamka, mawimbi yakasema kazama: uchambuzi wa kisa kimoja cha usingizi

Kwa nini nakiandika

Kisa hiki nimekaa nacho muda kabla ya kukiandika. Ni cha paka mzee aliyekuja kung'olewa meno, tukamfunga monita ya mawimbi ya ubongo ili tumlinde vizuri zaidi, na kwa dakika kama kumi na nne monita hiyohiyo ikatusukuma kumzidishia dawa. Paka yuko hai na anaona, ila kwa muda ule alikuwa pabaya kuliko yeyote kati yetu alivyojua. Nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha paka, mwenye paka au kliniki, lakini namba za kitabibu nimeziacha kama zilivyo kwenye chati maana bila hizo huwezi kufuatilia tulipokosea. Nikisema "sisi" ni mimi niliyekuwa nasimamia usingizi, muuguzi mmoja wa mifugo, na daktari aliyekuwa anafanya meno.

Paka mwenyewe

Paka jike, kafungwa uzazi, miaka 12, kilo 3.4. Alikuwa na fizi zilizovimba vibaya mdomo mzima, kala kidogo kwa wiki kadhaa, kapungua uzito, na vipimo vya damu vilionyesha figo zimechoka: kreatinini 2.1 mg/dL, yaani hatua ya pili ya ugonjwa wa figo wa kudumu. Moyo ulisikika safi. Presha akiwa macho, kwa dopla (kifaa kinachokusikilizisha damu ikipita mshipani), 148 ya juu. Mpango ulikuwa kusafisha ukoga kwanza, kupiga eksirei, halafu kung'oa meno mengi kwa siku moja.

Kwa paka wa namna hii kinachotutia hofu ni presha. Figo iliyokwishapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake haina akiba, ukishusha presha ya wastani chini ya 60 kwa muda mrefu unaweza kuirudisha nyumbani ikiwa mbovu kuliko ulivyoipokea. Na takwimu za paka si za kubembeleza. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliofanyika kati ya 2002 na 2004 ulikuta kifo kinachohusiana na usingizi kwa paka kama 0.24%, lakini ukitenganisha, paka wazima ni 0.11% na paka wagonjwa ni 1.4%. Huyu alikuwa kundi la pili. Ndo maana tukasema tumfungie na EEG, yaani ile monita ya mawimbi ya ubongo, ili tutumie gesi kidogo iwezekanavyo, presha isianguke. Nia ilikuwa hiyo hasa.

Tulivyofunga elektrodi

Sindano ndogo za chini ya ngozi, zimetakaswa, nne: mbili kwenye paji la uso kushoto na kulia, moja katikati kama ya ardhi, moja nyuma ya sikio kama rejea. Ukinzani wa zote ulikuwa chini ya kilo-omu 5, safi kabisa. Kichwa cha paka ni kidogo, macho yako karibu, msuli wa utosi ni mnene na unafunika sehemu kubwa ya fuvu, kwa hiyo chochote kinachotokea kwenye msuli au jicho kinaingia kwenye waya pamoja na ubongo. Hilo tulilijua, tena tulilisema kwa sauti kabla ya kuanza.

Skrini ina vitu vitatu. Mawimbi ghafi yanayopita, spektrogramu inayoonyesha kwa rangi nguvu ya kila frikwensi kadiri muda unavyokwenda, na namba moja kubwa kati ya 0 na 100. Kwa mtu, 40 hadi 60 ndo eneo la upasuaji, karibu na 100 yuko macho, 0 mstari umenyooka. Monita yetu inafungua kwanza ukurasa wa namba, ile kubwa ya rangi, mawimbi ghafi yako ukurasa wa pili. Hilo dogo lilikuja kutugharimu.

Ilivyokwenda

Methadoni (ya maumivu) 0.3 mg/kg na midazolamu (ya kutuliza) 0.2 mg/kg kwenye mshipa, akatulia vizuri. Alfaksaloni, dawa ya kulaza, polepole mpaka taya ikalegea, ilitosha 2 mg/kg, koo likapuliziwa lidokaini ya ganzi, mrija wa hewa ukaingia bila shida. Isofluraini, yaani gesi ya usingizi, kwenye oksijeni, na kwa sababu alikuwa anapumua kwa uvivu tukamweka kwenye mashine ya kupumulisha, pumzi 10 kwa dakika. Hiyo mashine tuikumbuke, maana ukishampumulisha mnyama umejinyima alama moja ya zamani kabisa ya kina cha usingizi, yaani namna anavyopumua mwenyewe.

Dakika ya 12, EEG inasoma 58. Mawimbi makubwa ya polepole, mengi chini ya hezi 4, isofluraini kwenye pumzi ya kutoka 1.4%, presha ya wastani 71, moyo 156. Picha nzuri.

Dakika ya 20 tukampa ketamini 0.5 mg/kg kwa ajili ya maumivu na kuanzisha dripu yake ya maikrogramu 10 kwa kilo kwa dakika. Ndani ya dakika mbili namba ikapanda, 66, 70, 74. Muuguzi akasema, "Dokta, namba inapanda, anaamka huyu." Nikaangalia ile 74, nikamwambia aongeze gesi kutoka 2 kwenda 2.5. Nilikuwa naandika chati kwa wakati huo, sikufungua ukurasa wa pili.

Dakika ya 25 daktari wa meno akaanza kukwangua ukoga kwa skela, yaani mashine ya mtetemo. Muda huohuo joto lilikuwa limeshuka mpaka 36.4 kwa hiyo tukawasha blowa ya hewa ya moto, na bomba lake likakaa upande wa mabega, karibu na kichwa. Namba ikagusa 78. Kipande kidogo cha skrini kinachoonyesha umeme wa msuli kikawa kimejaa. Gesi ikaongezwa tena, 3 kwenye vepuraiza (kifaa kinachopima gesi inayoingia), na kwenye pumzi ya kutoka ikapanda taratibu mpaka 2.1%.

Kuanzia dakika ya 29 vitu vingine vilikuwa vinasema kinyume, nimevikuta kwenye chati baadaye vimeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Moyo 138, halafu 124, halafu 112. Hewa ya ukaa kwenye pumzi ya kutoka ikashuka kutoka 37 kwenda 28 ilhali mashine inapuliza vilevile, na ikishuka hivyo bila wewe kugusa mashine maana yake mara nyingi ni kwamba damu inayofika mapafuni imepungua.

Dakika ya 34 dopla ikawa hafifu mpaka daktari wa meno akasimama akauliza kama kilichotoka ni waya. Sikuwa na jibu. Kafu ya kupimia presha ikasoma presha ya wastani 46. Nikainua kope: jicho limekaa katikati, mboni zimepanuka, ukigusa kona ya jicho hakuna kupepesa kabisa, taya kama kitambaa. Na namba kwenye monita, 66.

Hapo ndo nikasema kila mtu aondoe mikono kwenye paka. Skela ikazimwa, blowa ikazimwa, nikafungua ukurasa wa mawimbi ghafi. Sekunde chache za kwanza nilidhani sindano imechomoka. Mstari ulikuwa karibu bapa, halafu rundo la mawimbi makubwa kwa sekunde moja, halafu bapa tena sekunde mbili tatu, halafu rundo. Kulipuka na kunyamaza, kama kilivyo vitabuni. Baada ya kama dakika moja ya utulivu namba yenyewe ikaanguka kutoka 66 mpaka 24, na asilimia ya ukimya ikasoma 46, yaani karibu nusu ya dakika iliyopita ubongo wa paka huyu haukuwa unatoa umeme wa kuonekana.

Tulichoamua na kwa nini

Gesi kwanza: vepuraiza kutoka 3 mpaka 1, na oksijeni ikaongezwa mtiririko ili mabadiliko yafike haraka kwenye mipira. Hatukuizima kabisa kwa sababu bado mdomo ulikuwa una vidonda na ketamini peke yake kwa kipimo kile isingemshika.

Pili, kitanua mdomo, kile cha springi kilichokuwa kinaushikilia wazi, kikatolewa. Hili nitalirudia chini kwa kirefu maana naona ndo uamuzi bora tulioufanya siku ile, ingawa wakati ule niliufanya kwa sababu moja tu niliyoikumbuka ghafla: paka, mdomo uliotanuliwa sana, presha ya chini, hivyo vitatu havikai pamoja.

Tatu, dripu 5 ml kwa kilo ndani ya dakika kumi, hiyo ni 17 ml tu kwa uzito wake. Efedrini, dawa ya kupandisha presha, ikavutwa kwenye sirinji ikawekwa mezani, na tukakubaliana kwamba presha ya wastani isipofika 60 ndani ya dakika kumi inaingia. Nne, bomba la blowa likahamishiwa miguu ya nyuma, limefunikwa.

Presha: 46 dakika ya 34, 51 dakika ya 37, 58 dakika ya 40, 64 dakika ya 43. Efedrini haikutumika. Mawimbi yalirudi mapema kidogo kuliko presha, vile vipande vya bapa vikaanza kufupika kuanzia dakika ya 38, na kufika ya 42 mstari ulikuwa mfululizo tena, mawimbi ya polepole yamebebana na ya kasi juu yake.

Tukajadiliana kama tuache au tuendelee. Tuliamua kuendelea, kwa masharti: ganzi ya neva zote nne iwekwe sasa hivi kabla ya jino lolote kuguswa, bupivakaini 0.5%, 0.15 ml kila sehemu, gesi isizidi 1.1% kwenye pumzi ya kutoka, na mdomo ufunguliwe kwa kipande kifupi cha plastiki kati ya meno, kinachobana kidogo tu, kinatolewa kila baada ya dakika kadhaa. Kama presha ingerudi chini ya 60 tungefunga na kumrudisha siku nyingine. Kuamsha paka yuleyule na kumlaza tena baada ya wiki mbili nako kuna hatari yake kwa figo zile, hiyo ndo iliyotuvuta upande wa kuendelea.

Dakika ya 71, akiwa anang'olewa chonge la chini kushoto, mguu wa nyuma ukavutika. Moyo ukatoka 132 kwenda 164, presha 66 kwenda 88. Muuguzi akaweka mkono kwenye vepuraiza akaniangalia, nikamwomba asubiri tuangalie mawimbi. Yale makubwa ya polepole yalikuwa yamepotea ghafla, yamebaki madogo ya kasi, na yalibadilika sekunde ileile ya jino. Tukasema hii ni maumivu, ganzi upande huu haijashika. Fentanili, dawa kali ya maumivu, maikrogramu 2 kwa kilo kwenye mshipa, ganzi ya chini kushoto ikaongezwa 0.1 ml, tukangoja dakika nne. Mawimbi yakarudi polepole, moyo 140. Gesi haikuguswa.

Gesi ilifungwa dakika ya 128, mrija ukatolewa dakika ya 140, joto 36.4.

Matokeo

Kuamka kwake kulikuwa kwa polepole na kwangu kulikuwa kwa wasiwasi. Mboni zilibaki kubwa kwa saa mbili na zaidi. Methadoni peke yake inapanua mboni za paka, nilijua hilo, ila nilijua pia kwamba paka aliyepofuka kutokana na ubongo kukosa damu naye ana mboni za namna hiyohiyo, na mwanga ukimmulika anaweza kuzibana vizuri tu huku haoni kitu. Tukatumia kipande cha pamba kinachoangushwa mbele yake bila sauti. Saa moja na nusu baada ya mrija kutoka akakifuata kwa macho. Saa tatu baadaye alitembea kuzunguka chumba chenye viti bila kugonga. Jioni alikula chakula laini.

Tulikaa naye saa 4 mtu mmoja akiwa pembeni muda wote, maana katika utafiti ule wa Uingereza zaidi ya nusu ya vifo vya paka vilitokea baada ya upasuaji, na vingi kati ya hivyo ndani ya saa 3 za mwanzo. Kreatinini siku ya tatu ilikuwa 2.4, wiki mbili baadaye 2.1 tena. Mwenye paka alielezwa kila kitu siku ileile, pamoja na ile presha ya 46 na kwamba tulichelewa kuiona. Alinyamaza kidogo, akauliza kama anaona, nikamwonyesha ile ya pamba.

Uchambuzi: namba ilipandishwaje

Kulikuwa na vitu vitatu vilivyoisukuma namba juu, vilikuja kwa kufuatana, na kila kimoja tukakijibu kwa gesi.

Cha kwanza ketamini. Hii dawa haifanyi ubongo uonekane umelala kama isofluraini inavyofanya. Inaziba vipokezi vya NMDA, milango ya kupokelea ishara kwenye seli za neva, na zinazoguswa mapema ni zile seli zinazowazuia wenzao, kwa hiyo ukizizuia zile zinazozuia, gamba la ubongo linatoa mawimbi ya kasi zaidi huku mnyama amezama vilevile au zaidi. Hesabu inayotafsiri "kasi" kuwa "macho" itapanda tu. Mawimbi ghafi na spektrogramu vingetuonyesha hilo: bendi ya kasi inatokea dakika mbili baada ya sindano, na ile nguvu ya chini ya hezi 4 bado ipo. Mnyama anayeamka kweli huwa anapoteza ile ya polepole, ndicho tulichokuja kukiona dakika ya 71. Ni picha mbili tofauti kabisa zenye namba moja.

Cha pili mikono na skela. Kichwa kinachosukumwa kinasukuma waya, msuli wa utosi unatetemeshwa, na umeme wa msuli unaanzia frikwensi zilezile ambazo hesabu inazichukulia kama ubongo ulioamka. Kile kipande cha skrini cha msuli kilikuwa kimejaa, na kazi yake ni kukwambia usiiamini namba kwa sasa. Sisi tukakisoma kama ushahidi zaidi kwamba anaamka.

Cha tatu blowa, na hiki ndo kibaya zaidi kwa sababu kilificha ule ukimya. Monita inahesabu ukimya pale mstari unapobaki ndani ya kama maikrovolti 5 juu na chini kwa zaidi ya nusu sekunde. Ukipuliza upepo juu ya waya na manyoya, waya unacheza, mstari bapa unapata mtetemo wa maikrovolti 8 au 10, na mashine haioni ukimya tena, inaona mawimbi madogo ya kasi. Kwa watu imeshaandikwa kwamba blowa karibu na uso inapandisha namba. Kwa hiyo ubongo ulipozidi kunyamaza, namba haikushuka ilivyopaswa, ilibaki kwenye sitini na kitu. Kadiri mnyama alivyozama ndivyo kelele ilivyokuwa sehemu kubwa zaidi ya kile kilichohesabiwa.

Halafu kuna tatizo la chini ya yote hayo, kwamba indeksi (yaani namba ya namna hii) ya kwanza kuenea, ile ya BIS iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, ilijengwa kwa EEG za watu waliolazwa kwa dawa za watu, na nyingine zilizofuata zimejengwa kwa njia hiyohiyo. Paka akipewa isofluraini namba inashuka kadiri gesi inavyoongezeka, hiyo kweli, ila 40 hadi 60 ya paka si 40 hadi 60 ya mtu. Na inaniuma maana paka ndo amebeba sehemu kubwa ya elimu hii. Kulipuka na kunyamaza kulielezwa kwenye gamba la ubongo la paka mwaka 1936 na Derbyshire na wenzake, Bremer alikuwa amekata shina la ubongo la paka mwaka 1935 akaona mawimbi ya usingizi, na Moruzzi na Magoun mwaka 1949 waliamsha mawimbi ya paka kwa kuchochea shina lilelile. Tunayajua mawimbi ya paka kwa karibu miaka mia. Ni namba moja tu ya kuyafupisha ndo hatuna, na hatuihitaji sana kama tukiyaangalia yenyewe.

Uchambuzi: mstari bapa na damu ya ubongo

Hapa pana jambo ambalo wengi wanaofanya meno ya paka hawajaambiwa vya kutosha. Kwa binadamu na mbwa, damu nyingi ya ubongo inapita kwenye ateri ya karotidi ya ndani. Paka mzima hana hiyo, sehemu yake ya nje ya fuvu huziba akiwa bado mdogo. Ubongo wake unalishwa kwa kiasi kikubwa na ateri ya taya ya juu, ambayo inapita karibu kabisa na kona ya nyuma ya taya ya chini. Ukitanua mdomo wa paka kwa kitanua chenye springi, ile kona ya taya inasogea na inaweza kuibana ateri au kuivuta. Paka wengi wanavumilia. Baadhi wameamka vipofu, na baadhi viziwi pia, na visa hivyo vimeripotiwa vya kutosha kiasi kwamba vile vitanua vya springi havifai kutumika kwa paka tena. Sisi tulikuwa nacho mezani kwa mazoea, na tukakitumia.

Sasa jiulize, dakika ya 34, mstari ulikuwa bapa kwa sababu gani? Isofluraini 2.1% kwa paka ambaye MAC ya spishi yake (kiasi cha gesi kinachofanya nusu ya wanyama wasijongee wakiumizwa) ni kama 1.6%, mzee, joto limeshuka, ana methadoni na midazolamu na ketamini ndani, hiyo peke yake inatosha kabisa kunyamazisha ubongo. Lakini presha 46 na ateri iliyobanwa nayo inatosha. EEG haikwambii ni ipi, inakwambia tu kwamba seli hazitoi umeme. Tulishusha gesi na kutoa kitanua ndani ya dakika ileile, mawimbi yakarudi, na kwa sababu tulifanya vyote pamoja hakuna namna ya kutenganisha. Kwa mtazamo wa sayansi hiyo ni hasara. Kwa paka yule nisingefanya vingine.

Ninachotaka msomaji akichukue hapa ni mpangilio wa maswali. Ukiona ukimya kwenye mawimbi, usiulize dozi peke yake. Uliza na presha, uliza na mdomo umefunguliwa kiasi gani na kwa muda gani, uliza na joto, na sukari pia kama mnyama hajala siku nyingi. Ya huyu tuliipima dakika ya 36, ilikuwa sawa.

Uchambuzi: ule mguu wa dakika ya 71

Mnyama akivuta mguu watu wengi wanasema kaamka, ongeza gesi. Ila kujongea kwa maumivu kunaendeshwa na uti wa mgongo kuliko ubongo. Mtafiti Rampil alionyesha mwaka 1993 kwamba panya walioondolewa sehemu kubwa ya mbele ya ubongo walihitaji isofluraini ileile ili wasijongee. Kwa hiyo MAC tunayoitumia kila siku ni kipimo cha uti wa mgongo, na EEG ni kipimo cha gamba la ubongo, hivyo viwili havilazimiki kukubaliana. Mawimbi hayatabiri mnyama atajongea saa ngapi. Yanachoweza ni kukwambia kama maumivu yamefika juu.

Na yalikuwa yamefika. Kuongeza gesi kungenyamazisha mawimbi bila kugusa chanzo, presha ingeanguka tena, na jino lile lingeendelea kuuma mpaka akiamka. Fentanili na ganzi viligusa chanzo. Nikilinganisha dakika ya 22 na ya 71, mawimbi yalibadilika mara zote mbili, na zote mbili jibu sahihi halikuwa gesi.

Kilichofanya kazi na kilichofeli

Dopla ilifanya kazi, sauti yake kufifia ndo iliyotuokoa, si monita ya ubongo. Kugusa kope kulifanya kazi, na kungefanya kazi dakika nane kabla kama ningegusa. Kuondoa mikono na kuzima kila kitu kwa dakika moja kulifanya kazi, na ni bure. Kuendelea kwa masharti yaliyosemwa kwa sauti kulifanya kazi pia, kwa sababu kila mtu alijua mstari wa kuacha uko wapi.

Kilichofeli, kwanza ganzi ilichelewa. Tulikuwa na mazoea ya kuiweka baada ya kukwangua na eksirei, ili tujue meno gani yanatoka. Paka mwenye fizi zile anaumia hata kwa kukwanguliwa, angewekewa mapema gesi ingekuwa chini tangu mwanzo na hii yote ingepata nafasi ndogo. Pili, kungoja dakika kumi kabla ya efedrini ilikuwa ndefu mno kwa figo zile, sasa naweka tano. Tatu, niliruhusu mtu mmoja aangalie skrini huku mwingine anaandika chati, hakuna aliyekuwa anaangalia vyote pamoja, na ndo maana moyo 112 na ukaa 28 vikaandikwa vizuri bila kusomwa.

Kwenye chati zetu sasa kuna safu mpya pembeni ya ile ya namba. Kila dakika tano anayesimamia anaandika kwa maneno anachokiona kwenye mawimbi ghafi: polepole makubwa, kasi madogo, mchanganyiko, kulipuka na kunyamaza, au kelele. Ikiandikwa "kelele" gesi haiguswi mpaka skela na blowa vizimwe na mtu aguse kope. Monita imewekwa ifungue ukurasa wa mawimbi kwanza. Na kitanua cha springi kimetolewa kwenye trei ya meno ya paka.